Kornelia na Ng'ombe Aliyepewa Mdomo

Kornelia wa Kilema huongea na ng'ombe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wanalolijua, na wanalijua vibaya. Alfajiri, kuku wakiwa bado hawajashuka, anaingia bandani na ndoo yake, anavuta kigoda, anaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, na maziwa yakianza kugonga ndoo naye anaanza kusimulia. Si mwehu. Ana akili kuliko nusu ya ukoo alioolewa nao, na hiyo nusu nyingine sijaipima. Ni kwamba nyumba ile haikuwa na sikio jingine.

Ng'ombe anaitwa Neema. Bibi yake Neema alikuja na Kornelia siku ya harusi, zawadi ya mama yake mzazi kutoka Kirua, kwa hiyo uzao ule ni wa Kornelia mwenyewe na ukoo wa mumewe haujawahi kudai hata mkia. Nayajua haya kwa sababu mimi ndiye niliyemsimamia harusi. Nilimshikia maua kanisani, nikatia sahihi, na tangu siku hiyo ni mtu wa kuitwa sufuria zikianza kugongana. Tena ni jirani. Kihamba chao na changu, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani, vinatenganishwa na mfereji tu. Nikikohoa, kule wanajua nimelala vibaya.

Ukimwona Kornelia njiani hutageuza shingo. Ana pengo la jino la mbele, kwa hiyo akisema "s" inatoka na kifilimbi. Ana kitenge cha bluu kilichopauka, anavaa gambuti za mumewe zilizochoka, na mikono yake ni myeusi kwa utomvu wa mgomba, ule usiotoka hata kwa mchanga. Kwenye jumuiya anakaa karibu na mlango. Akiulizwa maoni anasema, "Walivyosema wenzangu." Lakini ile migomba unayoiona kutoka barabarani, iliyojipanga imenenepa kama masista wa misheni, ameipanda yeye, ameiwekea samadi yeye, na amemlea mtoto wake Ronald kwa mikungu yake. Leo Ronald ni mtu mzima, analima vitunguu Kahe kwenye maji ya mfereji, ana mke na mtoto.

Mumewe ni Thadeus. Thadeus ni besi la kwaya, na ni mchekeshaji. Nje. Kilabuni kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, wanaume humpisha kata mapema ili aanze kuwaigiza watu: mwenyekiti wa kijiji akihutubia, bwana mifugo akimtafuta dume, wajane wakilia msibani. Anajua kucheka na anajua kuchekesha. Sasa ukivuka naye mlango wa nyumba yake, utadhani mtu amezima redio. Anakula, anasukuma sahani, anatazama ukuta. Miaka yote hiyo Kornelia hakuwahi kupewa hata kichekesho kimoja cha kwake peke yake. Mimi hapo ndipo kinyaa kilipoanza kuniingia, kabla ya mengine yote. Mwanamume anayewapa walevi utamu na kumletea mkewe makapi.

Basi, akaja Jovin. Huyu ni mtoto wa dada yake Thadeus, amesomea kompyuta Dar, akarudi Moshi mjini akapanga chumba na kuanza kutengeneza katuni za kuchekesha, zile za kutazama kwenye simu. Katuni yake ikaitwa "Mkungu na Mkewe". Mzee Mkungu ni Mchaga mnene wa kofia, mvivu, mpenda mbege. Mkewe anagomba tu. Jovin alikuwa anatafuta sauti ya huyo Mkungu, na siku moja kilabuni akamsikia mjomba wake. Akasema, "Anko, wewe ndiye." Thadeus akaenda mjini kwenye chumba chenye magodoro ukutani ya kuzuia kelele, akaongea ndani ya kipaza sauti, na katuni ikawaka. Watoto wakawa wanamkimbilia njiani, "Mzee Mkungu, cheka." Naye anacheka. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mjukuu, anasimama katikati ya barabara ya misheni anawachekea watoto wa watu mpaka kikohozi.

Sauti za wanawake zote, ya mke na ya mjane mmoja wa kwenye katuni anayeitwa Mama Asali, zilitiwa na Victoria. Victoria ana saluni mjini, karibu na pale ninapopeleka ndizi mbivu. Ni mwanamke mchapakazi, simlaumu. Yeye alikuwa anageuza sauti: akiwa mke anabana pua, akiwa mjane anaiachia kama uji wa moto. Na Thadeus, wa kununa nyumbani, akawa anakaa kwenye kile chumba anaambiwa "mpenzi wangu Mkungu, mbona umechelewa" kwa sauti ya uji wa moto. Akaamini.

Alianza na nywele. Alipaka rangi nyeusi, ile ya kung'aa kama kiwi ya viatu, na Jumapili kwenye misa, besi lilipopanda na jasho likatoka, rangi ikaanza kushuka nyuma ya masikio na kuingia kwenye kola. Nilikuwa benchi la nyuma yake. Niliangalia ile michirizi nikashindwa hata kusali. Kesho yake Kornelia akavuka mfereji na shati mkononi.

"Mama Gladness, rangi ya nywele kwenye kola inatolewa na nini?"

Nikamwambia ndimu na chumvi. Akashukuru, akaenda akaifua. Hakuuliza jingine na mimi sikumwongezea, maana ukisimamia harusi hutakiwi kuwa wa kwanza kuibomoa.

Lakini niliona kwa macho yangu. Mchana kweupe, kwenye baa moja ya nyama choma mjini, Thadeus amekaa na Victoria na Jovin, wanapongezana. Victoria anachoma finyango kwa kijiti cha meno na kumlisha kwa utani, na yeye, badala ya kucheka kama wenzake, amefumba macho na kufungua mdomo kama kifaranga. Mafuta yanamtiririka kidevuni. Halafu akaufuata ule mkono kwa ulimi. Nilikuwa na njaa siku ile. Niliondoka bila kula.

Haya yote bado si kosa lenyewe. Wanaume waliopaka nywele rangi nimewaona wengi na wakarudi nyumbani zikiota mvi kama kawaida. Kosa lenyewe alilifanyia nyuma ya banda la ng'ombe.

Alfajiri moja alitoka kwenda haja, akapita nyuma ya banda, akamsikia mkewe anaongea. Mtu mwenye haya angekohoa au angepita. Yeye akasimama akaegemea mbao. Na Kornelia ndani, paji la uso kwenye ubavu wa Neema, alikuwa anasema neno ambalo mwanamke halisemi kwa mama yake wala kwa padre: kwamba baba Ronald hamgusi tena. Kwamba anampa mgongo kitandani. Kwamba amekuwa kama gunia la pumba, la kuegemezea mlango usifunguke na upepo.

Thadeus alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapanda gari akaenda kumsimulia Jovin, na wakacheka wote wawili hadi machozi, na Jovin akasema hiyo ndiyo sehemu ya katuni waliyokuwa wakiitafuta, ndoa inayojaribiwa. Jovin akaja Kilema, akajifanya anasalimia. "Shikamoo shangazi, endelea tu na kazi." Na simu yake ikawa inapiga picha: gambuti, kitenge, banda, pengo. Kornelia akamfungia na maziwa ya kupeleka mjini.

Kulikuwa na sherehe ya kipaimara kwa Mzee Melkior, baba mdogo wa Thadeus. Turubai, maspika, na runinga kubwa ya kukodi. Sisi wanawake tulikuwa jikoni tangu asubuhi, tunapika macharari ya ndizi na nyama, tunakoroga mtori. Watu walipokwisha kunywa vya kutosha, mshereheshaji akatangaza kwamba leo, kwa heshima ya ukoo, tunaonyeshwa sehemu mpya ya "Mkungu na Mkewe" kabla ya dunia nzima. Thadeus akasimama akapunga mkono. Alivaa koti.

Kornelia alikuwa anatoka jikoni na sinia la macharari kichwani.

Kwenye runinga akatokea mwanamke wa katuni ana gambuti. Ana kitenge cha bluu. Akafungua mdomo, pengo. Akasema, na ile "s" ikatoka na kifilimbi. Victoria ni fundi, nakubali. Yule mwanamke akaingia bandani akakaa kwenye kigoda, akaegemea ng'ombe mwenye kope ndefu kama bibi harusi, akasema mume wake hamgusi, amekuwa kama gunia la pumba. Ng'ombe akageuza kichwa, akasema, "Dada, afadhali wewe hata umeolewa. Mimi dume wangu huletwa na bwana mifugo kwenye mrija."

Turubai lilitikisika. Watu walipiga meza, watoto walijiviringisha chini. Mwanamume mmoja alitapika mbege kwa kicheko, ikamtoka puani, na akaendelea kucheka huku imemning'inia. Mimi sikucheka, lakini sijisifu kwa hilo. Nilikuwa namtazama yule mwenye sinia.

Katuni ikaendelea. Mkungu akaenda kwa Mama Asali, akafumaniwa na mkewe. Kwa hiyo inabidi aombe msamaha, na kwetu msamaha wa mambo mazito unaombwa kwa isale. Hili ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani na makaburini. Ukiletewa isale na mtu mliyekosana naye, hukatai. Hata kama kuna damu, unalipokea, na anayelikataa laana inabaki kwake. Ndiyo maana halichezewi. Sasa Mkungu wa kwenye katuni akaona uvivu kwenda mpakani, akachuma jani la mahindi, akampelekea mkewe. Mkewe kwa ushamba wake hakutambua, akalipokea kwa mikono miwili. Ng'ombe akalinyakua akalitafuna. "Mimi nimeshamsamehe," ng'ombe akasema. "Na wewe nenda kalale."

Hapo vijana walicheka na wazee hawakucheka. Mzee Melkior aliweka kata chini. Thadeus hakuona, alikuwa anainama huku na huku kama bwana harusi.

Kornelia akaweka sinia mbele ya watoto, maana chakula hakina kosa. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti. Akapita katikati ya turubai taratibu. Mtu mmoja akalia kama ng'ombe, na wengine wakaitikia. Hakugeuka.

Nilimfuata. Nilimkuta anamfungua Neema. Hakuwa amebeba nguo wala sufuria, kamba tu mkononi. Nikamwambia akae kwanza, tuzungumze.

"Mama Gladness," akasema, "nilikuwa na mahali pamoja tu pa kusemea. Amepafanya kilabu."

Akaondoka kwa miguu kwenda kwao Kirua na ng'ombe wake, kwa barabara kubwa, mchana. Niliambiwa kuwa watoto waliokuwa shereheni walimsindikiza kipande kizima wakiuliza, "Mama Mkungu, ng'ombe amesemaje leo?" na kwamba Neema ndiye aliyekasirika, akampiga teke mmoja.

Sasa msidhani kurudi kwenu ukiwa na umri ule ni rahisi. Kaka yake Sirili alimpokea vizuri, akamtengea chumba. Lakini kihamba cha Kirua ni cha Sirili na mkewe. Pale Kornelia ni mgeni, wa kuuliza ndoo iko wapi. Migomba yake, samadi yake, kaburi la mtoto wake wa kwanza aliyekufa mchanga, vyote viko Kilema. Akikaa kwao amepoteza kila alichokijenga. Akirudi kama alivyokuwa, anarudi kulala na mtu aliyemwuza kwa kicheko. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na hakuna jingine.

Thadeus siku za mwanzo alijitapa. Kilabuni alisema mke wa msanii lazima awe na kifua, na kwamba atarudi mwenyewe, mwanamke hawezi kuacha ndizi zikiwa zimekomaa. Nilipita pale, nikatema mate chini, nikaendelea na safari yangu. Kisha akajipaka mafuta, akachukua mkungu mkubwa kuliko wote kwenye migomba ya mkewe, akaupeleka mjini kwa Victoria.

Namshukuru Mungu nilikuwepo. Nilikuwa saluni, kichwa ndani ya draya. Nilipomwona anaingia na mkungu begani nilikitoa kichwa, nywele ziungue zisiungue. Akautua mkungu katikati ya wateja. Akasema kwa lile besi la kanisani kwamba sasa yuko huru, na kwamba yale waliyokuwa wakiambiana kwenye kipaza sauti yeye aliyasema kwa moyo.

Victoria alikuwa anasuka mtu. Hakuacha kusuka.

"Baba, mimi nina mume wangu. Yule mjane ni katuni."

Thadeus akasema anajua.

"Na mkeo wa kwenye katuni ni mimi pia. Sasa unamtaka yupi? Maana yule wa kweli nilimtia pua na kifilimbi kwa sababu mliniambia hayupo, mmemtunga." Akanyoosha mkono apewe kitana. "Huyu mama hapa ananiambia yupo. Mngeniambia nisingekubali. Toa ndizi zako mlangoni, wateja wanateleza."

Huyu mama ni mimi. Nilikuwa nimemwambia, ndiyo. Ningeacha kumwambia kwa nini?

Mkungu ulikaa kwenye kibaraza cha saluni mpaka ukaiva ukavamiwa na nzi. Thadeus alirudi Kilema. Sasa ndipo nyumba ilipomwonyesha ilivyo. Alikuwa anakula mkate mkavu na chai ya rangi. Nilivuka mfereji siku moja kuangalia kuku wa Kornelia nikakuta sufuria zimeota ukungu wa kijani, shuka ina alama nyeusi ya ile rangi ya nywele mahali anapolaza kichwa, na harufu ndani ya chumba kama mbwa aliyenyeshewa. Mvi zilikuwa zimeanza kutoka chini, nusu kichwa nyeusi nusu nyeupe. Alinisalimia kwa unyonge. Nilichukua kuku nikatoka, nikanawa mikono mfereji mzima.

Kilichomvunja ni Ronald. Alipiga simu kutoka Kahe, na baba yake akaiweka sauti ya nje kwa mazoea ya kutaka asikike. Kwa hiyo nilisikia nikiwa upande wangu.

"Baba, wenzangu shambani wananiletea mama yangu kwenye simu," Ronald akasema. "Wananiambia tazama, huyu anafanana na mama yako aliyekuja juzi. Nikawaambia simjui. Nimemkana mama yangu, baba. Krismasi sitapanda huko."

Mchaga kuambiwa na mtoto wake kwamba Krismasi hatapanda nyumbani, heri umwambie paa limeezuliwa.

Basi akatafuta isale. Akaenda kwa Mzee Melkior, maana isale hulipeleki mwenyewe. Unatuma mtu wa heshima alishike. Mzee alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Alimsikiliza mpaka akamaliza, akamuuliza anataka apeleke la mahindi au la mgomba, ili ajue mapema. Kisha akaendelea kukata. Akaenda kwa mzee mwingine. Yule hata hakufungua mlango, alimjibu kwa ndani kwamba amelala, na ilikuwa saa sita mchana. Hakuna aliyekuwa tayari kuonekana barabarani ameshika isale la Mkungu. Alilifanya kichekesho, na kichekesho hakibebwi na mtu mzima.

Ndipo akaja kwangu. Alisimama upande wa pili wa mfereji, hakuvuka.

"Mama Gladness, wewe ndiye uliyetusimamia."

Nilimwambia namkumbuka bibi harusi vizuri, bwana harusi simkumbuki. Kwa kweli nilitaka kumwacha aoze. Lakini nilimfikiria Kornelia anauliza ndoo iko wapi, na nikaona afadhali aletewe kitu mkononi akiamue mwenyewe, kuliko kukaa anangoja. Nikampa masharti: tunakwenda kwa miguu, hakuna bodaboda. Barabara ile ile aliyopita Kornelia na ng'ombe. Mimi mbele na isale limeinuliwa, yeye nyuma, kofia mkononi.

Isale nililikata mwenyewe mpakani. Sikuchuma jani tupu. Nilikata kilele kizima na kijiti chake, ili asije mtu akasema ni la mahindi.

Watoto walikuwepo, kama kawaida. "Mzee Mkungu, cheka." Nilisikia nyuma yangu viatu vikiburuzika tu. Walipoona nilichoshika wakanyamazishana wenyewe kwa wenyewe. Wale wadogo wakauliza na wakubwa wakawaziba mdomo. Kumbe bado wanajua.

Kirua tulimkuta Kornelia anakatakata mgomba wa kumlisha Neema. Sirili alisimama kando, mikono nyuma. Nilisema maneno yanayosemwa: nimetumwa na Thadeus, amekosa, amelitambua kosa lake, anaomba. Kornelia alikwenda akanawa mikono, akaifuta kwenye kitenge, akalipokea kwa mikono miwili. Alilitazama, akaligeuza kijiti juu chini. Akahakikisha.

"Nimesamehe," akasema.

Ungeona jinsi yule mtu mabega yalivyoshuka. Alipumua kama aliyetuliwa gunia la kahawa. Na hapo hapo, kwa ile raha, kabla hata hajavuta pumzi ya pili, mdomo wake ukafanya ulichozoea. Akatoa ile sauti. Sauti ya Mkungu, ile nene ya puani.

"Haya mke wangu, kamwambie na ng'ombe."

Hakuna aliyecheka. Sirili alitazama chini. Mimi nikashika nguzo ya banda. Naye akajisikia mwenyewe. Nilimwona anaziba mdomo kwa kofia, macho yamemtoka. Hakukusudia. Hilo ndilo baya zaidi, hakukusudia. Hakuwa na sauti nyingine imebaki.

Kornelia hakubadilika uso. Alisema tutangulie, yeye atakuja kesho.

Na kesho yake alikuja, na Neema, na isale limefungwa kwenye kitambaa kibichi. Thadeus alikuwa amefagia uwanja na kuosha sufuria moja. Alimngoja mlangoni akitabasamu. Kornelia akampita, akamfunga ng'ombe bandani, akatoka na jembe. Akachimba shimo katikati ya uwanja, kati ya nyumba na mibuni, ambako kuna chumba cha zamani cha kuanikia kahawa. Akapanda isale lile lile. Akalishindilia kwa gambuti. Kisha akaenda mpakani akakata mengine, akayapanda mstari, kutoka mferejini mpaka barabarani.

Thadeus akamuuliza anafanya nini, naye akamjibu kwa sauti ya kawaida, ile "s" na kifilimbi chake. Nilikuwa upande wangu nimesimama na ndoo.

"Kahawa ni yako, ya baba yako. Na chumba cha kahawa kina kitanda. Ndizi na jiko na banda ni vyangu. Nimesamehe, baba Ronald. Ningekuwa sijasamehe nisingekuja. Lakini isale linaomba msamaha, haliombi mke."

Thadeus akamtazama kama mtu anayengoja watu wacheke. Akasema wazee hawatakubali mpaka katikati ya kihamba.

"Waambie waje waling'oe," Kornelia akasema.

Hawakuja. Isale la mpaka haling'olewi, kila mtu anajua, na lile hasa ndilo ambalo Mzee Melkior alikataa kulishika. Angelishika sasa kwa mkono gani? Alipita siku moja, akalitazama lilivyochipua, akamsalimia Kornelia, akaomba mbegu ya mgomba, akaenda zake.

Jovin alifuta ile sehemu, wanasema, baada ya Ronald kumfuata mjini. Lakini vitu vya simu havifutiki; bado nasikia watoto wanalia kama ng'ombe. Tena yule kijana hana haya hata kidogo: alikuja kwangu kuuliza kama shangazi yake angekubali hii habari ya mpaka iwe katuni, safari hii kwa ruhusa. Nilimmwagia maji machafu ya kuoshea nyama. Ruhusa nilimpa ya kukimbia.

Krismasi Ronald alipanda, na mkewe na mtoto. Walilala upande wa mama. Baba yao walimpelekea nyama yake upande ule, akala pale mlangoni pa chumba cha kahawa, mvi zote nje sasa, ile rangi imebaki nchani kama masizi.

Juzi jioni nilikuwa nachota maji. Kornelia yuko bandani, anakamua, anaongea. Siku hizi haongei kwa chini. Alikuwa anamwambia Neema habari za mguu wake unaouma, na za mke wa Ronald kuwa na mimba, na kwamba mbao za nyuma ya banda zinataka kubadilishwa. Thadeus akaja mpaka kwenye masale, akasimama, akakohoa. Tangu lini anajua kukohoa.

"Mama Ronald, naomba chumvi."

Maziwa yakaendelea kugonga ndoo. Kisha Kornelia akatoka, akaingia jikoni, akaja na chumvi kwenye kipande cha jani la mgomba, akampa juu ya masale. Alinyoosha mkono wake tu, miguu haikuvuka, na Thadeus alipokea kwa mikono miwili kama mgeni. Akashukuru. Akarudi kwenye moshi wa mafiga yake.

Mimi ningemnyima. Lakini mimi sikuletewa isale.